Arlen Brekke na Vyombo Vilivyolala Ghalani

Kuna watu ukiwapa kiti wanakaa ukingoni, nusu ya makalio hewani, wasije wakakichosha kiti. Arlen Brekke alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa wa saba na wa mwisho kwenye shamba la viazi vya sukari kando ya Mto Red, upande wa Minnesota, na mezani kwa mama yake alipewa shingo ya kuku mara nyingi mpaka akaamini mwenyewe kwamba shingo ndiyo aipendayo. Mtu asikudanganye, hakuna apendaye shingo. Lakini ukiwa wa saba, na kaka zako wana mikono mirefu, unajifunza kupenda kinachobaki, na baadaye watu wanakusifu kwa adabu yako.

Alipokuwa mtu mzima serikali ilimwajiri kupima udongo, na kazi ikamkaa vizuri. Udongo hauna maneno. Unachimba shimo, unaufikicha kati ya vidole, unaandika kama ni mfinyanzi au kichanga, unafukia, unakwenda zako. Wakulima walimpenda kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu kwamba shamba lake ni baya. Alisema tu kwamba lina mambo yake. Na kwenye chakula cha kanisani, Arlen ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, akikwangua ukoko wa viazi kwenye trei ya bati huku akisema sehemu hiyo ndiyo tamu.

Hata mke alimpata hivyo hivyo. Marlys alikuwa karani katika duka la mbegu. Arlen alimzunguka miaka miwili, akinunua mbegu za karoti ambazo hakuwa na pa kuzipanda, hadi siku moja alipomwambia kwamba kama mwezi wa Juni hana shughuli nyingine, kanisa liko wazi. Marlys akafikiri kidogo, akasema kwa kweli Juni hana shughuli. Ndiyo posa yenyewe hiyo, wala msitafute nyingine. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Hawa wawili walizaa, binti mmoja ambaye sasa ameolewa huko Seattle, lakini kwa mambo mengine yote methali iliwakaa barabara. Walipendana miaka thelathini na mmoja bila hata mmoja wao kutamka neno "nataka." Kama pamebaki kipande kimoja cha keki, Arlen anamsukumia mkewe, mkewe anamrudishia, mpaka keki inakauka na wanampa mbwa.

Mambo yalianza kuharibika pale ofisi ya Arlen ilipofungwa. Serikali ilimpa nafasi nyingine New Mexico, siku mbili za gari kuelekea kusini, na yeye akatia saini kwamba atakaa huko si chini ya mwaka mmoja. Walikwisha uza nyumba, na watu wa kufunga mizigo walikwisha ingia na maboksi yao, wakati mama yake Marlys, Bibi Borghild, alipoteleza kwenye barafu ya kwanza ya mwaka akavunjika nyonga. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Marlys akasema atabaki kidogo amuuguze mama. Arlen akasema bila shaka, abaki, asiwe na haraka. Vyombo vyote vikapelekwa kwenye ghala moja huko Fargo, vikafungiwa ndani ya masanduku makubwa ya mbao, na Arlen akaondoka na pikapu yake, sanduku moja la nguo na birika la kahawa.

Sasa, serikali ikikuhamisha inakulipia ghala, lakini kwa kipimo. Inakupa siku sitini. Ukiwa na sababu nzuri, ukaiandika na mkubwa akaikubali, unaongezewa tisini. Zikiisha hizo, hata ukilia machozi ya damu, ghala ni lako wewe na mfuko wako. Aliyemweleza Arlen haya yote alikuwa Yolanda Tafoya, mama mmoja wa ofisi mpya aliyeshughulikia uhamisho wa wafanyakazi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na ulimi usiojua kupinda.

"Serikali ni mama wa kambo, Bwana Brekke," alimwambia. "Chakula inakupa, lakini vijiko inavihesabu."

Arlen alipanga chumba kimoja uani kwa watu, chenye kitanda, kiti na dirisha la kutazama milima. Kila Jumamosi alikwenda kuangalia nyumba za kupanga. Aliona za vyumba vitatu, aliona yenye bustani, aliona moja yenye jiko ambalo alijua kabisa Marlys angelipenda. Alizitazama zote, akamshukuru mwenye nyumba, akarudi uani kwake. Nyumba ya nini kwa mtu mmoja? Siku sitini zilipokaribia kwisha aliandika kwamba bado anatafuta nyumba, mkubwa wake akakubali, akaongezewa zile tisini. Huo ulikuwa uongo, na Arlen hakuwa mwongo, ndiyo maana ulimkera. Hakuwa akitafuta nyumba. Alikuwa akingoja mke, na kitu kimoja tu kilimnyima usingizi: je, Marlys atakuja au haji?

Angeweza kumwuliza. Wewe na mimi tungemwuliza, tena siku ya kwanza. Lakini Arlen kila Jumapili alipiga simu, akasema huku kuna jua. Marlys akasema huku kuna theluji. Arlen akauliza hali ya mama. Wakati wa Krismasi mama alikuwa anatembea na mkongojo, mwezi wa pili alikwisha rudi kanisani kucheza karata na kuwaibia wenziwe. Arlen alifurahi, akangoja Marlys aseme basi sasa nakuja. Marlys hakusema. Arlen akamwambia tena asiwe na haraka, akamtajia kwamba ameongezewa muda wa ghala kwa sababu nyumba bado. Marlys akasema haya. Wakaagana. Arlen aliweka simu chini, akakaa kitandani, akaona wazi kwamba mkewe hataki kuja na adabu ndiyo inamzuia kusema. Alimwonea huruma. Alijiambia mtu mwenye heshima hamlazimishi mwanamke wa miaka hamsini na sita kuwaacha mama yake, kanisa lake na rafiki zake.

Machi ilipofika ukingoni Yolanda alimwita ofisini akamwuliza vyombo vipelekwe wapi. Arlen akauliza kama vinaweza kugawanywa, vingine vije huku, vingine vibaki Minnesota. Yolanda akamtazama juu ya miwani. Akasema inawezekana, serikali italipa kuvipeleka popote, ila haitalipa zaidi ya ambavyo ingelipa kuvileta vyote hapa. Halafu akauliza kama mkewe anakuja. Arlen akajibu kwamba inategemea. Yolanda akauliza inategemea nini, na Arlen akazungumzia hali ya hewa.

Basi akampigia Marlys, si Jumapili. Alimwambia muda wa ghala umekwisha, na kwamba amefikiri, ili asimpe usumbufu, wakutane Fargo, yeye aonyeshe vilivyo vyake vipelekwe kwa mama.

"Ukiona hivyo ni sawa," Marlys alisema, "mimi ni sawa."

Arlen akasema kwake ni sawa pia. Watu wa Mto Red wana maneno mengi ya kusema ni sawa na hakuna hata moja kati ya hayo lenye maana kwamba ni sawa.

Aliendesha siku mbili. Fargo ilikuwa matope matupu, theluji imegeuka nyeusi kando ya barabara, watu wanajaza mchanga kwenye magunia kwa sababu mto ulikuwa unapanda. Marlys alifika na gari la mama yake. Alikuwa amekata nywele, zimeishia kwenye shingo, na zilimpendeza mno. Arlen akataka kumwambia hivyo.

"Umekata nywele," alisema.

"Ndiyo," Marlys akajibu. Wakaulizana hali ya barabara.

Msimamizi wa ghala alikuwa Senad, Mbosnia aliyekuja Fargo kijana na sasa ana mvi, mwenye mabega ya kubeba friza peke yake. Alikuwa na vijana wawili wa kazi na foklifti. Masanduku ya mbao yalikuwa yamekwisha shushwa na kufunguliwa, na maisha yote ya Brekke yamepangwa sakafuni chini ya taa: viti miguu juu, maboksi, magodoro kwenye plastiki, kabati la sahani lililofungwa mablanketi. Inatisha kuona vyombo vyako hivyo. Nyumbani ni vitu, pale ni shehena. Senad alieleza utaratibu wake: stika za kijani ni za kusini, za njano ni kwa Bibi Borghild. Yeye ataonyesha kitu, mmoja aseme, kijana abandike. Lori liko nje na leo ndiyo siku ya mwisho ya kulipiwa na serikali, kwa hiyo twende haraka.

Akaanza na friza. Arlen akasema ya Marlys. Marlys akasema hapana, apelekewe Arlen, yeye ndiye mwenye samaki. Arlen akasema huko kusini hakuna ziwa la kuganda la kutoboa na kuvua, samaki atawapata wapi. Marlys akasema basi atatia nyama. Kijana alibandika njano, akaibandua, akabandika kijani. Wakaja kwenye cherehani. Kwa cherehani ile Marlys alishona mapazia ya nyumba tatu, na hakuna siku ambayo Arlen aliweza hata kutia uzi. Marlys akasema iende kusini. Senad akauliza mzee atashona nini. Marlys akasema suruali zake zitachanika kule. Arlen, kwa kulipa wema, akasema vifaa vyake vya kuvulia kwenye barafu, yaani kigari cha kuburuta, keekee ya kutobolea, kila kitu, viende kwa mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe ana umri wa miaka themanini na tisa na nyonga ya chuma.

Ikawa hivyo kwa meza, kwa kabati, kwa kochi. Kila alichokigusa Senad, Arlen alimpa Marlys na Marlys alimpa Arlen. Arlen alikuwa anaumia, nasema kweli, kila stika ilikuwa inamchoma, lakini njia pekee aliyoijua ya kumwonyesha mtu kwamba anampenda ni kumwachia sehemu kubwa. Na kadiri Marlys alivyozidi kumwachia, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba mwanamke huyu anataka kuondoka mikono mitupu, asidaiwe hata shukrani. Vijana wakaanza kutazamana. Sahani za Krismasi zilipobadilishwa stika mara ya tatu, Senad alikaa juu ya boksi, akavua glavu.

"Mzee, mama, nisamehe, lakini nisikilizeni," alisema. "Niko mji huu miaka ishirini na tano, sijawahi kumsikia mtu akisema anataka kitu. Kwetu watu wakigawana vyombo wanatukanana mpaka majirani wanatoka na viti kusikiliza. Huyu anasema changu, yule anasema changu, mwisho kila mtu anajua alipo. Nyie mnapeana cherehani. Sasa niambieni nijue, mnaachana au mnatuzana?"

Neno lenyewe lilikuwa halijatajwa na mtu yeyote, wala kwenye simu, wala na Arlen akiwa peke yake chumbani. Marlys alisimama na mikono ndani ya koti.

"Nani kasema tunaachana?" aliuliza.

"Mimi sikusema," Arlen akajibu.

"Wala mimi."

Senad akanyoosha mikono kuonyesha stika zilivyotapakaa, kijani huku, njano kule, kisha akainuka. Alikwenda kwenye kitu cha mwisho, ambacho walikuwa wamekiruka wote wawili tangu mwanzo. Kilikuwa kitanda chao, mbao zake zimefungwa pamoja kwa kamba, godoro limesimamishwa ukutani. Akaweka mkono juu ya ubao wa kichwani, akangoja. Arlen alijua kwamba yeye akisema kiende kwa mama, mambo yamekwisha, na Marlys akisema hivyo, yamekwisha pia. Alitazama matope kwenye viatu vyake.

Marlys ndiye aliyeanza, na sauti yake haikuwa ya kanisani.

"Miezi mitano unatafuta nyumba, Arlen. Mji una nyumba ngapi hizo? Mtu anayetaka mke wake aje anapata nyumba kwa wiki moja, hata ikiwa banda. Wewe uliomba uongezewe muda wa ghala. Nikasema, haya, huyu amepumua huko, anatafuta namna ya kuniambia."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Uliningoja wapi? Kila Jumapili unaniambia nisiwe na haraka. Mama amepona mwezi wa kwanza. Nimelala kwenye kochi la mama miezi miwili bure, nangoja uchoke kukaa peke yako."

"Nilidhani hutaki kuhama," Arlen alisema.

"Sitaki kuhama!" Vijana wawili wakapata kazi ya ghafla upande wa pili wa lori. "Hilo ni kweli, sitaki. Sipendi joto, na simjui mtu huko. Lakini kutotaka New Mexico ni jambo moja, na kutokutaka wewe ni jambo lingine. Hukuniuliza hata moja kati ya hayo mawili. Ulikaa ukaamua mwenyewe ninachotaka, halafu ukaniita hapa nibandike stika."

Hili lilimpata. Maisha yake yote Arlen alikuwa amejihesabu kuwa mtu asiyejitakia kitu, na watu walimsifu kwa hilo. Sasa aliona kwamba mwanamke huyu alikuwa amelala kwenye kochi huku akiamini hatakiwi, na aliyemfanyia hivyo ni yeye na ule unyenyekevu wake. Aliona haya. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

"Nataka uje," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia ili isikike. "Nataka uje. Nakutaka kila siku. Kuna nyumba moja yenye jiko, nimekwenda kuitazama mara nne, nasimama tu jikoni kama mjinga. Mwenye nyumba anadhani nataka kuiba."

Marlys alifuta pua kwa mkono wa koti, jambo ambalo hangelifanya mbele ya watu siku nyingine.

"Basi na mimi nitasema ninachotaka," alisema. "Nataka turudi. Sitaki kuzikwa huko. Nataka mwaka wako ukiisha turudi hapa, na kama pensheni itapungua ipungue."

Mwaka ungeisha Novemba. Arlen alikuwa amebakiza miaka miwili ya kufikia pensheni kamili, na alikuwa ameihesabia kwa muda mrefu, hasa nyakati za baridi, ndani ya mashimo ya udongo. Akiondoka Novemba sehemu yake nzuri ingepotea. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameomba kitu chake waziwazi, na Arlen aliona kwamba ni rahisi zaidi kutoa unapojua unachotoa. Aliumia, lakini aliumia kwa jambo analolijua.

"Novemba," alisema.

"Novemba."

Senad alikuwa bado ameweka mkono kwenye ubao wa kitanda. Aliuliza kwa upole, tofauti na mwanzo, kwamba sasa rangi gani.

"Kijani," Marlys alisema. "Vyote kijani. Kitanda nitakwenda nacho, nitakilalia huko mpaka Novemba, halafu tutarudi nacho."

Kijana akaja na stika akabandika. Wengine wakaanza kubandua njano zote, na lori likapiga honi ya kurudi nyuma. Arlen alisimama karibu na mkewe, bega kwa bega, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema kweli hata mahali pasipohitaji, alihisi ni lazima amwambie.

"Serikali hailipi safari ya kurudi, Marlys. Inalipa kwenda tu."

"Mimi sikuolewa na serikali," Marlys akasema.